Adam Smith, Baba wa Soko Huru

Wengi wetu tunaosoma somo la Biashara tumelisikia jina la Adam Smith, lakini maisha yake hatuyajui. Basi wasomaji wapenzi, nimeona heri niwasimulie.

Alizaliwa mwaka 1723 mjini Kirkcaldy, Scotland. Babake, aliyekuwa ofisa wa forodha, aliaga dunia kabla yeye hajazaliwa, akalelewa na mama peke yake. Akili alikuwa nazo si haba. Akiwa na miaka 14 tu aliingia Chuo Kikuu cha Glasgow, na baadaye akawa profesa papo hapo.

Mwaka 1776 alitoa kitabu chake kikubwa kuhusu utajiri wa mataifa. Humo alieleza kiwanda kidogo cha pini chenye watu 10. Huyu ananyoosha waya, yule anakata, mwingine anachonga ncha. Kwa siku walitoa pini zaidi ya 48,000, na mtu mmoja peke yake asingefikisha hata 20. Kidole kimoja hakivunji chawa! Aliona mataifa nayo ni vivyo hivyo: kila moja liuze linachokitengeneza kwa urahisi, kingine linunue kwa jirani, bila serikali kuziba njia.

Kodi hakuikataa. Alitaka kila mtu atoe kulingana na mapato yake, ajue mapema ni kiasi gani, alipe wakati unaomfaa, na ukusanyaji wenyewe usimeze pesa nyingi. Hapo namuunga mkono. Mamangu huuza mboga sokoni, na ushuru ukiwa leo hivi kesho vile, hajui atarudi nyumbani na nini.

Cha ajabu ni kwamba mwaka 1778 Smith mwenyewe alifanywa kamishna wa forodha. Aliposoma orodha ya bidhaa zilizopigwa marufuku, kumbe vitambaa vyake vya shingo na leso zake karibu zote zimo! Akazichoma moto. Ikiwa mkubwa wa forodha alivunja sheria bila kujua, mwananchi wa kawaida angefanyaje?

Wapo wanaodai kwamba hakutaka serikali kabisa. Si kweli. Aliipa kazi tatu: kulinda nchi, kutoa haki, na kujenga vitu ambavyo mfanyabiashara haoni faida yake, kama barabara na madaraja. Tena alitaka umma uchangie masomo ya watoto wa maskini. Kwetu sisi wa shule ya kutwa, hilo si jambo dogo.

Alifariki tarehe 17 Julai 1790, bila mke wala mtoto. Anayelitaja jina lake ili serikali isijenge shule, huyo hakukisoma kitabu hadi mwisho.