Max Looff: Kapteni aliyekwama na manowari yake katika mikoko ya Rufiji

Katika vijiji vya delta ya Rufiji, iwe Mbuchi, Salale au Msala, mwenye boti hujiuliza mambo yale yale kabla ya kung'oa nanga: mafuta yanatosha? Mashine ni nzima? Maji yamejaa kiasi gani? Mwaka 1914 maswali hayo yalimkabili afisa wa jeshi la majini la Ujerumani aliyekuwa na chombo chenye urefu wa zaidi ya mita 110 na watu zaidi ya 300 ndani yake. La maji alilijibu vizuri kuliko adui zake walivyotarajia. La mafuta hakulipatia jibu kamwe, na hilo ndilo lililoamua mwisho wa meli yake.

Max Looff alizaliwa mwaka 1874 mjini Strassburg, wakati huo ukiwa chini ya Ujerumani. Alikulia katika jeshi la majini, na mwaka 1914 akakabidhiwa SMS Königsberg, manowari nyepesi yenye mizinga kumi ya milimita 105. Ilikuwa meli ya fahari, iliyowahi kuisindikiza jahazi ya Mfalme Wilhelm wa Pili katika safari zake. Iliondoka Kiel mwezi Aprili na kuingia Dar es Salaam mwanzoni mwa Juni, ikitarajiwa kupamba maonyesho makubwa ya koloni yaliyopangwa kufanyika Agosti. Wakazi wa mji waliitazama, wakahesabu mabomba yake ya moshi na kuipa jina ambalo Wajerumani wenyewe walilichukua: Manowari na Bomba Tatu.

Maonyesho hayakufanyika. Tarehe 31 Julai, vita vikiwa vinanukia, Looff aliitoa meli bandarini ili Waingereza wasimfungie ndani. Siku chache baadaye Wajerumani wa Dar es Salaam walizamisha gati lao la kuelea kwenye mlango wa bandari ili kumzuia adui asiingie. Kwa kufanya hivyo walimfungia nje kapteni wao pia. Meli ya kivita ikabaki baharini bila bandari ya kurudi, bila karakana na bila ghala la makaa ya mawe.

Meli za zama zile zilikula makaa kama moto wa nyikani unavyokula nyasi. Tarehe 6 Agosti, karibu na pwani ya Oman, Looff aliikamata meli ya Kiingereza City of Winchester, iliyobeba shehena ya chai, akaitoa makaa yake kabla ya kuizamisha. Yalikuwa makaa duni kutoka India, yenye moshi mwingi na nguvu kidogo. Baadaye alikutana na meli ya ugavi Somali, akajaza tena, na mwanzoni mwa Septemba akaingia katika mto Rufiji.

Chaguo hilo halikuwa la kubahatisha. Delta ya Rufiji ndiyo yenye msitu mkubwa kabisa wa mikoko ulio mahali pamoja katika Afrika Mashariki, na mto humwagika baharini kwa midomo mingi. Waingereza waliamini hakuna mkondo wenye kina cha kupitisha manowari iliyozama zaidi ya mita tano majini. Lakini meli ya upimaji ya Kijerumani, Möwe, ilikuwa imeipima mikondo hiyo, na Looff alikuwa na ramani. Alisubiri maji kujaa, akapita.

Tarehe 20 Septemba alitoka usiku na kupambazukia Zanzibar, ambako manowari ya Uingereza HMS Pegasus ilikuwa imetia nanga ikitengenezwa mashine. Mizinga ya Looff ilifika mbali kuliko ya Pegasus. Haukupita muda mrefu Waingereza zaidi ya 30 wakawa wamekufa au wanakufa. Baadhi yao wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe. Siku hiyo hiyo mashine ya Königsberg nayo iliharibika. Kapteni aliyemvizia mwenzake akiwa matengenezoni alilazimika kurudi Rufiji akiwa na shida ile ile.

Hapa ndipo maisha ya Looff yanapokutana na ya watu wa delta. Vyuma vilivyovunjika havikuweza kutengenezwa mtoni. Ilibidi vifunguliwe, viteremshwe na kuvutwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 100, kisha virudishwe vikiwa vizima. Wavutaji walikuwa Waafrika. Ikumbukwe kwamba ilikuwa imepita miaka tisa tu tangu vita vya Maji Maji vilipolipuka katika vilima vya Umatumbi, kusini mwa delta, na tangu Kinjikitile Ngwale aliponyongwa Mohoro. Serikali iliyowanyonga wazee wao ndiyo iliyokuwa ikiwaita kubeba mzigo wa manowari. Vitabu vya vita vimejaa majina ya maofisa. Wavutaji hawa huhesabiwa kwa wingi wao tu, na kwa maoni yetu sifa nyingi anazopewa Looff zilistahili kuwaendea wao.

Vipuri vilirudi na mashine ikapona, lakini mlango ulikuwa umekwisha fungwa. Tarehe 30 Oktoba HMS Chatham iliigundua Königsberg mtoni. Mwezi Novemba Somali iliteketezwa kwa mizinga, na Waingereza wakazamisha meli kuukuu, Newbridge, katika mmoja wa mikondo. Looff aliisogeza meli ndani zaidi, akaifunika kwa matawi, akaweka askari na mizinga midogo kwenye kingo na kutandaza nyaya za simu hadi kwa walinzi wa pwani.

Kwa zaidi ya miezi minane Königsberg ikawa nyumba. Ni nyumba ngumu: chuma kinachopata moto mchana kutwa, unyevu usiokauka, mbu wa mikoko jioni. Malaria iliwaangusha mabaharia mmoja baada ya mwingine. Dawa zilipungua, na risasi za mizinga zilihesabiwa. Baadhi ya mabaharia walihamishiwa vita vya nchi kavu, hadi wakabaki ndani kama 220, idadi isiyotosha kuiendesha meli baharini.

Tumaini lao lilikuwa meli moja. Rubens, iliyojifanya ya Kidenmark kwa jina la Kronborg, ilitoka Ujerumani ikiwa na makaa, risasi na dawa. Mwezi Aprili 1915 HMS Hyacinth iliinasa karibu na Tanga. Nahodha wake aliiingiza ghuba ya Manza na kuiacha iungue. Wajerumani waliokoa silaha na risasi nyingi kwa ajili ya jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck. Makaa hayakufika Rufiji.

Waingereza, kwa upande wao, walikuwa na mwindaji wa tembo kutoka Afrika Kusini, Pieter Pretorius, aliyeijua delta. Alipenya kwa mtumbwi, akapima vina vya maji na kuthibitisha meli ilipo. Kisiwa cha Mafia, walichokiteka Januari, kikawa kituo cha ndege zao. Mwishowe walileta vyombo viwili vya kina kifupi, Severn na Mersey, vilivyojengwa awali kwa ajili ya mito ya Brazil. Tarehe 6 Julai Looff aliwarudisha. Tarehe 11 walikuja tena, ndege ikielekeza makombora kutoka juu. Looff alijeruhiwa vibaya, akaamuru meli yake ilipuliwe.

Kazi ya kubeba haikuisha hapo. Mizinga yote kumi ilitolewa majini na kuvutwa hadi Dar es Salaam, ikatiwa magurudumu na kusambazwa. Mmoja ulifungwa kwenye meli Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika, ile ambayo baadaye ikawa MV Liemba. Looff mwenyewe alipona, akapigana nchi kavu, upande wa Lindi pia, hadi alipotekwa Novemba 1917, Lettow-Vorbeck alipokuwa akivuka kuingia Msumbiji.

Alirudi Ujerumani, akafikia cheo cha admirali na kuandika juu ya vita vyake. Kitabu kimoja alikipa jina la Kiswahili, Tufani. Alifariki Berlin mwaka 1954.

Meli ilidumu kuliko yeye. Mwaka 1924 John Ingles, aliyekuwa kapteni wa Pegasus, alituma wapiga mbizi kung'oa vyuma vyake vya kuuza. Wengine waliendelea kuikatakata kwa miaka 40, huku ikilala ubavu. Mizinga yake miwili bado inaonekana, mmoja Mombasa na mwingine Pretoria. Mabaki ya Bomba Tatu yaliporomoka mwaka 1966 na kumezwa na tope la Rufiji.