Su Dongpo: Alizaliwa na nyota ya kusemwa, akashika jembe

Niambie ukweli, hapa tuko wawili tu. Mara ya mwisho mambo yako kwenda segemnege, ulimlaumu nani?

Mimi mwaka nilioacha chuo nilikuwa na jibu tayari. Nilikuwa nimepakua programu fulani ya simu inayosoma chati za kuzaliwa za Kichina. Unaweka mwaka, mwezi, siku na saa uliyozaliwa, nayo inakutolea maneno. Yangu ikasema mwaka huo ulikuwa mbaya kwangu. Nikashukuru sana. Karo imeniishia, mitihani miwili sijaifanya, lakini kumbe si mimi, ni nyota! Nikakaa kejani miezi mitatu nikingoja mwaka uishe.

Basi wacha nikupe stori ya mtu aliyekuwa na sababu kubwa kuliko yangu ya kulaumu nyota yake. Anaitwa Su Shi. Dunia inamjua zaidi kama Su Dongpo, na hilo jina tutalifikia, usiwe na haraka.

Alizaliwa tarehe 8 Januari 1037 mjini Meishan, katika mkoa ambao leo unaitwa Sichuan, China. Kwa hesabu yetu huo ni mwaka mpya umeanza. Kwa hesabu ya Wachina, mwaka wa Panya ulikuwa bado haujaisha. Kwa hivyo Su Shi ni Panya. Na wewe kama ulizaliwa Januari, hebu angalia tena, huenda yule mnyama unayejivunia mitandaoni si wako.

Chati yenyewe inafanya kazi hivi. Ina nguzo nne: mwaka, mwezi, siku na saa. Kila nguzo ina herufi mbili, moja inayobeba asili na nyingine inayobeba mnyama. Jumla nane, ndiyo maana Wachina wanaiita kwa jina lenye maana ya herufi nane. Asili ni tano: mti, moto, udongo, chuma na maji. Wanyama ni 12. Wasomaji wa chati husema nguzo ya siku ndiyo wewe mwenyewe. Ya Su Shi ni Maji juu ya Nguruwe, na Nguruwe naye huhesabiwa kuwa wa maji. Maji juu ya maji, kama mto uliokosa kingo.

Sasa sikiza. Su Shi alipoandika kuhusu nyota yake, hakuzungumzia Panya wala Nguruwe. Alizungumzia Mbuzi. Zile nyota 12 unazosoma gazetini, Simba, Nge, Mizani na wenzao, zilikuwa zimeingia China kutoka India karne kadhaa kabla yake, zikibebwa na vitabu vya Wabudha. Wachina wakazichukua wakazichanganya na hesabu zao. Kwa hivyo mtu wa wakati wake aliweza kujitazama kwa vioo viwili. Su Shi alipojitazama, nyumba ya uhai wake ilikuwa kwa Mbuzi. Tutarudi hapo.

Kwanza maisha. Mwaka 1057, akiwa na miaka 20, alifanya mtihani mkuu wa serikali pamoja na mdogo wake, Su Zhe. Huo mtihani ndio uliokuwa mlango wa kazi zote kubwa. Msimamizi, Ouyang Xiu, alisoma insha moja akashindwa kuiweka chini. Majina yalikuwa yamefichwa, naye akadhani ni ya mwanafunzi wake mwenyewe. Akaogopa watu watasema anapendelea, akaipa nafasi ya pili. Ilikuwa ya Su Shi. Ona hapo, kuandika vizuri kumemnyima nafasi ya kwanza! Lakini ndugu wote wawili walipita, na mji mkuu wa Kaifeng ukaanza kuwasema.

Mwaka huo huo mama yao akafariki. Mwaka 1065 Su Shi akampoteza mke wake, Wang Fu. Mwaka uliofuata, baba.

Kuanzia 1069 waziri Wang Anshi akaleta mabadiliko makubwa serikalini. Mojawapo ilikuwa mikopo ya serikali kwa wakulima, iliyorudishwa na riba. Kwenye karatasi ilipendeza. Mashinani, maafisa waliwasukumia watu mikopo wasiyoitaka. Su Shi hakunyamaza. Aliandika barua kwa mfalme, na alipoona barua hazisaidii, akatia mambo hayo kwenye mashairi, kwa mafumbo na kejeli. Mashairi yakasambaa. Unajua methali: mdomo uliponza kichwa.

Mwaka 1079 maafisa walimkamata akiwa Huzhou, alikokuwa ametumwa kuongoza. Ushahidi ulikuwa mashairi yake. Walipitia mstari kwa mstari wakitafuta matusi kwa serikali. Alikaa gerezani zaidi ya miezi mitatu akiamini atauawa. Mdogo wake alijitolea kupoteza cheo chake mwenyewe ili kaka aachiliwe. Mwishowe mfalme alimwacha hai, akamtupa Huangzhou, mji mdogo kando ya mto Yangtze. Akapewa cheo kisicho na kazi, na hakuwa huru kuondoka.

Fikiria uko hapo. Una miaka 43. Jana ulikuwa mkubwa, leo marafiki wengine hawajibu barua zako. Familia inataka kula. Unafanya nini?

Su Shi alianza na doh. Kila mwanzo wa mwezi alitoa sarafu 4,500, akazigawa mafungu 30 ya sarafu 150, akayaning'iniza kwenye boriti ya dari. Kila asubuhi alishusha fungu moja kwa kijiti chenye panda, halafu akakificha kile kijiti asije akashawishika. Kilichobaki jioni kilitupwa ndani ya mwanzi wa kuweka akiba ya kukaribisha wageni. Hiyo ni bajeti ya miaka zaidi ya 900 iliyopita, na bado inashinda yangu.

Pesa hazikutosha. Hapo ndipo anaingia rafiki yake, Ma Mengde, aliyemfuata kwa miaka mingi bila kupata chochote. Huyu alimwombea kipande cha ardhi ya serikali, kambi ya zamani ya kijeshi iliyojaa mawe na vigae. Su Shi, mtu wa kalamu, akashika jembe. Shamba lilikuwa kwenye mteremko upande wa mashariki mwa mji. Mteremko wa mashariki kwa Kichina ni Dongpo. Akajipa jina hilo. Kwa hivyo jina analojulikana nalo dunia nzima alilitoa shambani, kwenye adhabu yake.

Sasa turudi kwa nyota. Su Shi alikuwa na tabia ya kuandika vijisehemu vifupi, kama vile wewe unavyoandika kwenye simu yako usiku. Viwili vinatuhusu.

Cha kwanza kinamtaja Han Yu, mwandishi mkubwa aliyeishi kati ya 768 na 824. Huyu naye mwaka 819 alimwandikia mfalme kupinga sherehe za kupokea mfupa uliosemwa kuwa wa Budha, akanusurika kifo na kutupwa Chaozhou, mbali kusini. Katika shairi lake moja Han Yu alitaja mahali mwezi ulipokuwa alipozaliwa. Su Shi akapiga hesabu, akaona Mbuzi imekaa kwenye nyumba ya mwili ya Han Yu, na kwake yeye imekaa kwenye nyumba ya uhai. Akahitimisha kuwa wanaugua ugonjwa mmoja: maisha ya kusemwa, mara kwa sifa, mara kwa uongo.

Cha pili kinamhusu Ma Mengde. Walizaliwa mwaka mmoja, mwezi mmoja, wakipishana siku nane tu. Su Shi akaandika kuwa waliozaliwa mwaka huo hakuna tajiri hata mmoja, kwamba wao wawili ndio mabingwa wa umaskini, na kwamba kati yao, kombe ni la Mengde.

Umeona anachofanya? Kwa Han Yu, chati ilimpa mwenzake. Mtu aliyekufa zaidi ya miaka 200 kabla yake alipitia shida ile ile, kwa hivyo hayuko peke yake. Kwa Mengde, chati ilimpa kicheko. Upweke na uchungu ndivyo vinavyommaliza mtu aliyeanguka, na nyota ilimsaidia kuvishika kwa mkono na kuviangalia.

Lakini swali la kwa nini nilianguka hakuliachia Mbuzi. Hapo alitumia njia nyingine. Kila siku moja au mbili alienda kwenye hekalu la Anguo pale Huangzhou, akawasha ubani, akakaa kimya akijichunguza. Aliendelea hivyo kwa miaka yote ya Huangzhou. Katika barua kwa mtu mmoja aliyemsifu, alieleza kuwa mti una vifundo na jiwe lina madoa, watu wanavipenda, kumbe ni kasoro za kitu chenyewe. Naye alipotazama nyuma miaka 30, mengi aliyokuwa akijivunia aliyaona kama vile vifundo. Hakusema kosa halikuwa la waliomfunga. Alisema tu kwamba na yeye alikuwa na lake.

Na ukifikiria, kile kichekesho cha Mengde kinavunja chati yenyewe. Watu wawili, mwaka mmoja, mwezi mmoja. Mmoja anasomwa hadi leo. Mwingine tunamjua kwa sababu alimtafutia rafiki shamba. Kama nyota ingekuwa inaamua yote, wangefanana zaidi ya hapo.

Gurudumu likazunguka. Mwaka 1085 aliitwa tena serikalini, na 1089 akatumwa kuongoza Hangzhou. Ziwa la Magharibi lilikuwa limezibwa na magugu na tope. Akalifukua, na tope lile akajengea njia ya karibu kilomita 2.8 katikati ya maji. Hadi leo watu wanatembea juu yake, na ina jina lake. Maradhi yalipoenea mjini, alitoa pesa zake kusaidia kuanzisha nyumba ya kutibu maskini. Programu yoyote ingeuita huo mwaka mzuri.

Halafu akatupwa tena. Mwaka 1094 Huizhou, kusini kabisa, ambako Zhaoyun, mwenzi wake aliyemfuata huko mbali, alifariki 1096. Mwaka 1097, akiwa na miaka 60, wakamvusha bahari hadi kisiwa cha Hainan, mahali ambapo watu wa mji mkuu walipahesabu kama mwisho wa dunia. Huko akafundisha vijana. Alisamehewa mwaka 1100, akaanza safari ndefu ya kurudi, na mwaka 1101 akafia njiani, mjini Changzhou.

Miezi michache kabla, alipita kwenye hekalu la Jinshan akaona picha yake imechorwa. Akaandika shairi fupi la kujitathmini. Ungetarajia ataje mtihani wa 1057, au ziwa, au vyeo. Akataja Huangzhou, Huizhou na Danzhou, ile sehemu ya Hainan. Mahali patatu alipotupwa, akapahesabu kuwa ndiyo kazi ya maisha yake. Kuna utani hapo, na kuna kidonda pia. Lakini Huangzhou ndiko alikoandika baadhi ya kazi zake zinazopendwa zaidi hadi leo.

Sasa wewe. Sikwambii ufute programu yako, mimi yangu bado ninayo. Ila siku hizi ikiniambia jambo, najiuliza matatu. Nani mwingine amepitia hili? Kuna cha kunichekesha hapa? Na sehemu yangu ni ipi, ukitoa nyota kando?

Hilo la tatu ndilo linalouma. Nilipolijibu mara ya kwanza, nilichukua karatasi nikaandika ile mitihani miwili. Mmoja niliukosa kwa sababu ya karo, hilo halikuwa mikononi mwangu. Wa pili nilikuwa nimekesha nikitazama mpira, nikaamka saa sita mchana. Hakuna mnyama wa Kichina aliyenilaza siku hiyo.

Wiki iliyofuata nilitoka kejani kwenda kutafuta kibarua. Nikapata, cha kubeba mizigo. Mteremko wangu ulianzia hapo.