Shoemaker: Mtafiti wa Mwezi aliyefika huko akiwa majivu

NDOTO ya Eugene Shoemaker ilikuwa kuukanyaga Mwezi kwa miguu yake mwenyewe. Hakujaliwa. Majivu yake ndiyo yaliyofika huko mwaka 1999, ndani ya chombo kilichotumwa kutafuta maji.

Mwanajiolojia huyo wa Marekani alizaliwa Los Angeles, Aprili 28, 1928. Enzi za ujana wake, wataalamu wengi waliamini kuwa mashimo ya Mwezini yalitokana na volkano. Shoemaker alilichunguza shimo kubwa lililoko jimbo la Arizona, na mwaka 1960 yeye na wenzake wakathibitisha kuwa lilichimbwa na kishindo cha kimondo.

Mwaka 1963 aligundulika kuwa na ugonjwa wa Addison, unaodhoofisha tezi zilizo juu ya figo. Mlango wa kuwa mwanaanga ukafungwa. Hata hivyo, hakuususia Mwezi. Aliwafundisha wanaanga wa Apollo namna ya kuitambua miamba watakayoikuta.

Mwaka 1994 aliongoza jopo la wanasayansi wa chombo Clementine, ambacho mawimbi yake ya redio yalitoa dalili za barafu karibu na ncha ya kusini ya Mwezi.

Maji ya Mwezini hayatiririki, kwani huko hakuna hewa ya kuyazuia yasigeuke mvuke. Husafiri molekuli moja moja. Jua la mchana linapoupasha udongo moto, molekuli hubanduka, huruka na kutua penginepo. Baadhi huangukia kwenye mashimo ya nchani yasiyofikiwa na jua kamwe, ambako baridi hushuka hadi zaidi ya nyuzi 170 za Selsiasi chini ya sifuri. Zikitua humo, hunaswa.

Shoemaker alifariki dunia Julai 18, 1997 kwa ajali ya gari nchini Australia, alikokwenda na mkewe, Carolyn, kuchunguza mashimo ya vimondo. Januari 1998 sehemu ya majivu yake ilipakiwa katika chombo Lunar Prospector, kilichobaini wingi wa haidrojeni kwenye ncha za Mwezi. Julai 31, 1999 chombo hicho kiligongeshwa kwa makusudi ndani ya shimo mojawapo la ncha ya kusini, ili kirushe mvuke juu. Darubini hazikuona kitu.

Miaka 10 baadaye, Oktoba 2009, jaribio kama hilo lilifanywa na chombo LCROSS katika shimo la Cabeus, upande huohuo wa kusini. Safari hii maji yalionekana.

Kwa wanaanga watakaoishi huko, barafu hiyo inaweza kuwa maji ya kunywa, hewa ya kuvuta na mafuta ya roketi. Shimo lililopokea majivu ya mtafiti huyo leo linaitwa Shoemaker.