Alfred Wallace: Mgeni Aliyeishi kwa Kidogo

Ndugu msomaji, ukisikia habari za mzungu wa zamani aliyehamia nchi za joto, bila shaka unawaza jumba kubwa na watumishi tele. Hata mimi nilifikiri hivyo mpaka nilipoyasoma maisha ya Alfred Russel Wallace. Bwana huyu aliishi kwa kubanabana pesa miaka minane katika visiwa ambavyo leo viko hasa Indonesia na Malaysia. Nadhani anatufaa sana sisi ambao pesa zetu za matumizi huisha kabla ya nusu muhula!

Wallace alizaliwa mwaka wa 1823 karibu na mji wa Usk, Wales. Babake alifilisika, na kijana akaacha shule akiwa na umri wa miaka 14 hivi. Najua wenzetu waliotumwa nyumbani kuleta karo na mpaka leo hawajarudi, kwa hivyo jambo hili lilinigusa. Alijifunza kazi ya kupima ardhi kwa kakake, na wakati wa mapumziko akasoma vitabu peke yake. Mwaka wa 1844 alipata kazi ya ualimu mjini Leicester. Huko ndiko alikojuana na Henry Bates, kijana mwenzake aliyependa wadudu kupita kiasi.

Mwaka wa 1848 wawili hao waliabiri meli hadi Brazil, kwenye mto Amazon. Hawakuwa na mfadhili. Mpango wao ulikuwa kukamata wadudu na ndege, kuwakausha, na kuwatuma kwa wakala London awauzie matajiri na majumba ya makumbusho. Pesa hizo ndizo zingewalisha. Basi mwaka wa 1852, Wallace akirudi kwao, meli ilishika moto katikati ya bahari! Karibu kila kitu alichokuwa nacho kiliteketea, naye akakaa siku 10 ndani ya mashua kabla ya kuokolewa. Mimi ningekata tamaa. Yeye, mwaka wa 1854, alishuka Singapore kuanza upya.

Kuanzia hapo hadi 1862 alihama kisiwa hadi kisiwa, akilala vibandani na kusafiri kwa mashua za wenyeji. Katika kisiwa cha Ternate alikodi nyumba iliyokuwa imechakaa, akaitengeneza. Ilikuwa na kisima cha maji safi na miti ya matunda, na soko lilikuwa mwendo wa dakika tano. Kwake hiyo ilikuwa raha tosha.

Lakini tusidanganyane kwamba alifanya yote peke yake. Alikuwa na kijana wa Kimalay aitwaye Ali, aliyeanza kama mpishi, akajifunza kupiga ndege kwa bunduki na kuwachuna ngozi. Ali ndiye aliyeleta ndege mmoja wa ajabu ambaye hakuwa akijulikana Ulaya. Wataalamu wakampa ndege huyo jina la Wallace. Jina la Ali halikutajwa! Hapo sikufurahi hata kidogo.

Jambo jingine lilinifanya nibishane naye. Katika kisiwa cha Seram aliona watu wakitoa unga ndani ya shina la mti uitwao sago, wa jamii ya mnazi. Alipiga hesabu akaona kwamba mtu akifanya kazi siku 10 tu, anapata chakula cha mwaka mzima. Akinunua, kingemgharimu shilingi 12 za Uingereza za wakati huo. Wallace akaona kwamba urahisi huo unawadhuru wenyeji kwa kuwafanya wavivu. Jamani! Yeye mwenyewe si aliishi kwa gharama ndogo ili apate nafasi ya kufanya alichokipenda? Mbona kwake iwe busara na kwao iwe uvivu?

Hata hivyo, nafasi hiyo ilizaa matunda. Mwaka wa 1858, akiwa anatetemeka kwa homa, alipata wazo la jinsi viumbe wanavyobadilika: wanaofaa mazingira yao hubaki, wengine hupotea. Alimwandikia Charles Darwin, ambaye alikuwa na wazo lilo hilo, na maandishi ya wote wawili yakasomwa pamoja London mwaka huo huo. Mvulana aliyekosa shule akasimama bega kwa bega na msomi tajiri.

Alirudi Uingereza mwaka wa 1862, baada ya kukusanya vielelezo zaidi ya 125,000. Mauzo yalikuwa yamemwachia akiba nzuri, lakini akaipoteza kwa kuwekeza ovyo, mpaka mwaka wa 1881 serikali ilipompa pensheni ya pauni 200 kwa mwaka. Darwin alisaidia kumwombea. Alifariki mwaka wa 1913 akiwa na umri wa miaka 90.

Wenzangu, mali bila daftari huisha bila habari. Wallace alipojua kila senti inanunua nini, kidogo kilimtosha miaka minane. Alipoanza kutafuta faida ya haraka, kingi hakikumtosha. Mimi sina vipepeo vya kuuza London, lakini muhula huu nimenunua daftari ndogo ya hesabu zangu. Tutaonana nusu muhula!