Luigi wa Savoia: aliyepanda Ruwenzori wa kwanza alijua pia kurudi nyuma

Hali ya hewa ikiwa safi, wakaaji wa upande wa Mutwanga, teritware ya Beni, huona weupe wa barafu juu ya Ruwenzori. Kilele chake, Margherita, chenye mita 5109, ndicho kirefu kuliko vyote nchini Kongo. Wa kwanza kukifikia walikuwa Luigi wa Savoia, Duke wa Abruzzi, na waongozaji wake, tarehe 18 mwezi wa sita 1906. Jina Margherita ni la malkia wa Italia.

Luigi alizaliwa Madrid mwaka 1873, wakati baba yake alikuwa mfalme wa Hispania. Alikuwa mwanajeshi wa majini, lakini moyo wake ulikuwa milimani. Mwaka 1897 alipanda mlima Saint Elias, huko Alaska. Miaka miwili baadaye alielekea Ncha ya Kaskazini. Baridi ilimharibu vidole, na watu watatu wa msafara wake walipotea katika barafu, hawakuonekana tena.

Ruwenzori alipandia upande wa Uganda, pamoja na wapagazi Waafrika na waongozaji kutoka milima ya Alpes. Karibu na kilele, njia ilizibwa na ukingo wa theluji. Hatari hiyo yafaa kuelezwa. Upepo husukuma theluji hadi mwisho wa mgongo wa mlima, kisha hiyo huning'inia hewani kama ukingo wa paa. Anayetembea juu yake hudhani anakanyaga mwamba, kumbe chini ni utupu. Ukikatika, humwangusha na unaweza kuanzisha maporomoko ya theluji. Waongozaji walitafuta mahali pa kupenya, wakapita.

Mwaka 1909 alikwenda Karakoram, Asia, kujaribu K2, mlima wa pili kwa urefu duniani. Ulimshinda. Akageukia Chogolisa, akafika karibu mita 7500. Hakuna mpanda mlima aliyejulikana kufika juu hivyo kabla yake. Zilibaki kama mita 150 tu. Lakini theluji ilikuwa nyingi, ukungu ulifunika kila kitu, na haikuwezekana kujua mgongo wa mlima unaishia wapi na ukingo unaanzia wapi. Walingoja saa kadhaa. Ukungu haukuondoka. Luigi akaamuru washuke, na wote wakarudi salama.

Mwaka 1957, Hermann Buhl wa Austria, mmoja wa wapanda mlima hodari wa wakati wake, alikuwa akishuka katika dhoruba kwenye mlima huohuo wa Chogolisa. Ukingo wa theluji ulikatika chini ya miguu yake. Mwili wake haujapatikana.

Luigi mwenyewe hakufia milimani. Aliongoza meli za kivita za Italia katika vita kuu ya kwanza, kisha akaanzisha mashamba nchini Somalia, kando ya mto Shebelle. Ndiko alikofariki mwaka 1933, akiwa na miaka 60.