Frantz Fanon: Daktari Aliyefungua Mgahawa Hospitalini

Safari hii tunamtazama daktari ambaye hakuwa Mwislamu. Kazi yake inatugusa sisi wa Nyanza-Lac, maana wazee waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 wamerudi, na wapo ambao hadi leo hushtuka usingizini.

Fanon alizaliwa kisiwani Martinique tarehe 20 Julai 1925. Alipigana Vita vya Pili vya Dunia, akajeruhiwa, kisha akasomea udaktari Lyon, Ufaransa. Novemba 1953 akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Blida, Algeria, nchi iliyokuwa bado chini ya Wafaransa.

Pale Wazungu walikuwa na wodi zao na Waislamu zao. Fanon akaanzisha mikutano, sherehe na gazeti la wagonjwa. Wanawake wa Kizungu wakachangamka. Wanaume wa Kiislamu wakanyamaza kimya. Hakuwalaumu. Aliona kosa ni lake: amewaletea tiba ya desturi za watu wengine, tena kupitia mkalimani. Basi akafungua mgahawa wa kahawa humo humo hospitalini, akaleta msimulizi wa hadithi, Idi zikasherehekewa. Ndipo wakaanza kuzungumza. (Kwetu pia, analolisema mzee barazani baada ya Isha halisemi mbele ya daktari.)

Vita vya uhuru vilianza Novemba 1954. Fanon aliwatibu walioteswa, akawatibu pia polisi waliowatesa. Wote walilalamikia usiku: majinamizi, kukosa usingizi, hofu isiyoondoka. Madaktari wa Marekani waliupa ugonjwa huo jina rasmi mwaka 1980. Leo mojawapo ya tiba zake ni kusimulia: mgonjwa hulieleza tukio taratibu, hatua kwa hatua, mbele ya mtaalamu anayemwamini, mpaka akili ilikubali kuwa limepita. Si wendawazimu, na kumwambia mtu asahau tu ni kumwacha peke yake. Dua tumwombee, na kwa mtaalamu tumpeleke.

Mwisho wa 1956 Fanon alijiuzulu, akafukuzwa Algeria. Akiwa Tunis alijiunga na wapigania uhuru huku akiendelea kutibu, wagonjwa wakija asubuhi na kurudi kwao jioni. Saratani ya damu ilimuua Marekani tarehe 6 Desemba 1961, akiwa na miaka 36. Hospitalini aliandikishwa kwa jina la Ibrahim Fanon. Wapiganaji waliupokea mwili wake, wakauvusha mpaka, wakamzika katika udongo wa Algeria.