Agner Erlang: Mwanahisabati aliyeipigia hesabu foleni ya simu

MWANAHISABATI wa Denmark, Agner Krarup Erlang, alifariki dunia Februari 3, 1929 mjini Copenhagen akiwa na umri wa miaka 51. Hesabu zake, hata hivyo, zingali zikitumika kila mahali ambapo watu wengi hugombea laini chache za simu au seva chache za kompyuta.

Erlang alizaliwa Januari 1, 1878 katika kijiji cha Lønborg, rasi ya Jutland, ambako baba yake alikuwa mwalimu. Alihitimu masomo ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Copenhagen mwaka 1901, kisha akafundisha shuleni kwa miaka kadhaa.

Mwaka 1908 aliajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen. Tatizo alilolikuta lilikuwa zito: laini zikiwa chache, mteja anakosa nafasi hata akiwa na dharura, zikiwa nyingi mno, mtaji unalala bure na gharama zinamwangukia mteja yuleyule.

Mwaka 1909 alionyesha kwamba simu, ingawa hupigwa bila mpangilio, kwa wingi wake hufuata kanuni ya hisabati. Mwaka 1917 alichapisha fomula inayokadiria ni wapigaji wangapi watakosa nafasi.

Chukua mitaa miwili, kila mmoja ukiwa na mahitaji ya wastani wa simu 10 kwa wakati mmoja. Kwa fomula hiyo, kila mtaa unahitaji laini 18 ili wanaokosa nafasi wasizidi 1 kati ya 100. Jumla ni 36. Mitaa hiyo ikichangia laini, 30 zinatosha, kwa kuwa ni nadra yote miwili kuelemewa kwa pamoja.

Hakuwa mtu wa kukaa ofisini tu. Alizunguka mitaani kupima nyaya, msaidizi akimfuata na ngazi ya kushukia mashimoni. Hakuoa, na alifahamika kwa kuwasaidia maskini.

Leo kazi hiyo ya kugawa hufanywa na programu za kati, zinazokaa baina ya kompyuta nyingi zilizounganishwa na huduma anazotumia mteja. Fomula ya Erlang huchukulia kuwa wastani wa mahitaji hautetereki, ilhali maombi ya intaneti hupanda na kushuka ghafla. Kwa hiyo programu hizo hupima mzigo kila mara, zikiongeza seva foleni inaporefuka na kuzipunguza inapokwisha.

Mwaka 1946 jina lake lilifanywa kipimo cha kimataifa cha wingi wa simu. Kuanzia mwaka 1986, wahandisi wa Ericsson nchini Sweden walibuni lugha ya kompyuta iitwayo Erlang, ambayo baadaye ilitumika kujenga mitambo ya WhatsApp.